Njoki Ndung'u: wakili na mwanaharakati aliyeingia Bungeni bila eneo bunge. Maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Wengi wanalijua jina lake kutokana na kesi za uchaguzi wa urais. Kwa maoni yangu, kazi iliyogusa maisha ya Wakenya wengi zaidi aliifanya kabla hajavaa joho la jaji, katika miaka mitano aliyokaa Bungeni. Ukurasa huu unajibu maswali ambayo wanafunzi, wazazi, wafanyakazi na wanaharakati huuliza kuhusu safari hiyo. Kwenye mambo ya sheria nimeandika kirefu, maana huko ndiko watu hupotoshwa sana.

Njoki Ndung'u ni nani?

Njoki Susanna Ndung'u ni wakili Mkenya aliyezaliwa mwaka 1965. Alikuwa mbunge maalum katika Bunge la Tisa, kuanzia 2003 hadi 2007, na tangu 2011 ni jaji wa Mahakama ya Juu. Kati ya vipindi hivyo viwili alikuwa mmoja wa wataalamu walioandika rasimu ya Katiba ya 2010. Ni Wakenya wachache waliotunga sheria, wakaandika katiba, kisha wakaketi kwenye mahakama inayoitafsiri.

Alikuwa akifanya nini kabla ya siasa?

Alisomea sheria Chuo Kikuu cha Nairobi, kisha akafanya shahada ya uzamili katika haki za binadamu Chuo Kikuu cha Leicester, Uingereza. Alifanya kazi katika ofisi ya Mwanasheria Mkuu, akahudumu na shirika la Umoja wa Mataifa linaloshughulikia wakimbizi, na akafanya kazi pia na Umoja wa Nchi Huru za Afrika, uliokuwepo kabla ya Umoja wa Afrika wa sasa.

Pamoja na ajira hizo alikuwa mwanaharakati wa haki za wanawake, mmoja wa kizazi cha mawakili wa kike kilichokua na FIDA Kenya, chama cha mawakili wanawake ambacho tangu miaka ya themanini kimekuwa kikiwatetea mahakamani wanawake wasio na pesa za kumlipa wakili. Mawakili hao walikuwa wameyaona mashimo ya sheria kwa macho yao: faili inafika kortini, shahidi anatoa ushahidi mzuri, kisha kesi inaanguka kwa sababu maneno ya sheria yenyewe hayamlindi aliyeumizwa. Ukishaliona hilo mara kadhaa unajua kwamba uwakili peke yake hautoshi.

Aliingiaje Bungeni bila kupigiwa kura?

Chini ya katiba ya zamani Bunge la Kenya lilikuwa na viti 210 vya kuchaguliwa na viti 12 vya kuteuliwa. Hadi 1997 viti hivyo 12 vilikuwa zawadi ya Rais kwa watu wake. Mageuzi ya mwaka huo, yaliyotokana na mazungumzo ya vyama yaliyojulikana kama IPPG, yaliviondoa mikononi mwa Rais peke yake na kuvigawa kwa vyama kulingana na wingi wa wabunge, na uteuzi ukatakiwa kuzingatia usawa wa jinsia. NARC, muungano wa vyama vya upinzani, iliposhinda uchaguzi wa Desemba 2002, Njoki alikuwa miongoni mwa walioteuliwa.

Hata hivyo, wanawake wote katika Bunge lile, wa kuchaguliwa na wa kuteuliwa, hawakufika ishirini. Walikuwemo Charity Ngilu, Martha Karua, Wangari Maathai na Beth Mugo waliotoka maeneo bunge, na kina Adelina Mwau, Cecily Mbarire, Amina Abdalla na Ruth Oniang'o walioteuliwa. Wanaume walikuwa zaidi ya mia mbili. Ishike picha hiyo ukiendelea kusoma.

Je, mbunge maalum wa Kenya wakati huo ni sawa na mbunge wa viti maalum Tanzania?

Hapana. Viti maalum vya Tanzania ni vya wanawake pekee, na idadi yake inakwenda na kura za chama. Viti 12 vya Kenya vilikuwa vya wanaume na wanawake. Lakini dharau waliyovumilia wenye viti hivyo ilifanana: kwamba mtu asiye na jimbo hana wa kumsemea. Njoki aliligeuza hilo kuwa nguvu. Hakuwa na barabara ya kuahidi wala harambee ya kila Jumamosi, hivyo muda wake uliingia kwenye miswada.

Kabla ya 2006, sheria ya Kenya ilisemaje kuhusu ubakaji?

Makosa haya yalikuwa ndani ya Kanuni ya Adhabu, sheria iliyorithiwa kutoka ukoloni, katika sura iliyoyaita makosa dhidi ya maadili. Maana yake ni kwamba aliyeonekana kukosewa ni adabu ya jamii kabla ya mwili wa mtu. Ubakaji ulihesabiwa kuwa kosa ambalo mwanamume humtendea mwanamke au msichana tu. Mvulana aliyedhulumiwa hakuwa na kifungu cha unajisi, yaani ngono na mtoto, kinachomhusu, na aliyemtendea alishtakiwa kwa makosa mengine yenye uzito tofauti.

Hadi 2003, kifungu cha kunajisi kilimlinda msichana aliye chini ya miaka 14 tu, halafu umri huo ukapandishwa hadi 16. Adhabu kubwa za juu zilikuwepo kwenye karatasi, ila hapakuwa na adhabu ya chini kabisa. Mahakimu wawili wangeweza kusikiliza kesi mbili zinazofanana, mmoja akatoa miaka mingi na mwingine miezi.

Kulikuwa na jambo jingine lililokera zaidi. Kwa miaka mingi mahakama zilijizoeza kulitilia shaka neno la mwanamke katika kesi hizi mpaka lithibitishwe na ushahidi mwingine, jambo ambalo hakufanyiwa mtu aliyeibiwa ng'ombe. Mahakama ya Rufaa ilikuja kusema, katika kesi ya Mukungu, kwamba desturi hiyo ni ubaguzi usiopatana na katiba. Ila uamuzi wa mahakama ulikuwa umeziba ufa mmoja, na ukuta mzima ulikuwa umeoza.

Mswada wa Makosa ya Kingono ulipitaje katika Bunge lililojaa wanaume?

Kwanza, haukuwa mswada wa serikali. Mbunge wa kawaida aliyetaka kuleta mswada wake ilimbidi aanze kwa hoja ya kuomba ruhusa ya Bunge, na Njoki aliipata ruhusa hiyo mwaka 2005. Baada ya hapo kulikuwa na kazi ya kuuandika. Mawakili, madaktari na mashirika ya haki za wanawake na watoto walileta waliyoyaona kortini na hospitalini, na vifungu vikatungwa kujibu matatizo hayo halisi.

Mjadala wa kusomwa mara ya pili ulifika Aprili 2006, na wanaofuatilia mambo ya Bunge hawajausahau. Wapo wabunge wanaume waliosema kwamba mswada ungewafunga vijana kwa kutongoza, na kwamba wanawake wangeutumia kulipizana visasi. Mbunge mmoja alifika mahali pa kudai kwamba mwanamke wa Kiafrika akisema hapana huwa anamaanisha ndiyo. Wabunge wanawake walisimama wakatoka ukumbini.

Kutoka kwao kulifanya kazi ambayo hotuba hazikuifanya. Magazeti na redio zilibeba habari hiyo, na wananchi ambao hawakuwa wakijua kuna mswada walianza kuuliza umeandikwa nini. Wakati huo visa vya watoto kunajisiwa vilikuwa vikitangazwa karibu kila wiki. Mbunge aliyeupinga akawa na kazi ya kujieleza kwa wapiga kura wake.

Lakini hasira hazipitishi sheria. Mswada wa mbunge binafsi unahitaji kura, na kura nyingi zilikuwa za wanaume. Hapo ndipo uwakili wake ulipoonekana. Aliuandika mswada kwa lugha isiyochagua jinsia, ili mvulana na mwanamume walindwe pia, na jambo hilo lilimfanya kila mbunge aone kwamba unahusu nyumba yake. Kisha akaketi na waliompinga, kifungu kwa kifungu, akijua kipi kinaweza kuondoka bila jengo zima kuanguka. Mswada ukapita mwishoni mwa Mei 2006. Rais Mwai Kibaki alitia saini tarehe 14 Julai, na sheria ikaanza kutumika wiki moja baadaye. Mwaka huohuo Umoja wa Mataifa nchini Kenya ulimtaja Njoki kuwa Mtu wa Mwaka.

Alilazimika kuacha nini?

Mambo mazito. Kifungu cha kumshtaki mume anayembaka mkewe kiliondolewa, na mahali pake pakaandikwa waziwazi kwamba maelezo ya sheria kuhusu ridhaa na nguvu hayawahusu watu waliooana kisheria. Kifungu cha ukeketaji kikatolewa, na ikabidi kungoja hadi 2011 kupata sheria kamili ya kupiga marufuku ukeketaji. Unyanyasaji wa kingono kazini ukabanwa uwahusu tu wenye mamlaka au wenye ofisi za umma.

Halafu kikaongezwa kifungu cha 38: mtu akitoa madai ya uongo angepata adhabu ileile ambayo angepata mshtakiwa. Fikiria msichana wa miaka kumi na sita anayeambiwa kituoni kwamba kesi yake ikikosa ushahidi anaweza kufungwa yeye. Kosa la kutoa taarifa za uongo kwa polisi lilikuwa tayari limo kwenye sheria nyingine, kwa hiyo kifungu hicho hakikuwa na kazi ila kutisha. Kilifutwa mwaka 2012, baada ya miaka sita ya kunyamazisha watu.

Wapo wanaharakati walioona bei hiyo ni kubwa mno na kwamba ingekuwa heri kungoja Bunge lingine. Naheshimu hoja yao, na sikubaliani nayo. Bunge lililofuata lilianza katikati ya machafuko ya baada ya uchaguzi wa 2007, ambamo wanawake, wasichana na wanaume pia walibakwa katika sehemu nyingi za nchi. Bila sheria ya 2006, makosa hayo yangepimwa kwa Kanuni ya Adhabu ya zamani.

Sheria hiyo ilibadilisha nini hasa?

Ilitoa makosa haya kwenye sura ya maadili na kuyapa sheria yake yenyewe. Iliweka adhabu za chini ambazo hakimu hawezi kushuka chini yake: ubakaji ni miaka 10 hadi maisha, na ubakaji wa genge ni kuanzia miaka 15. Kwa kunajisi mtoto, adhabu inategemea umri wa mtoto. Wa miaka 11 kurudi chini ni kifungo cha maisha, wa 12 hadi 15 ni miaka isiyopungua 20, na wa 16 hadi 18 ni isiyopungua 15. Mtoto ni mtoto, wa kike au wa kiume.

Ilitaja makosa ambayo zamani yalikuwa yakitafutiwa pa kuegemezwa. Mwalimu, mhudumu wa hospitali, askari wa gereza au kiongozi wa dini anayetumia nafasi yake kufanya ngono na mtu aliye chini ya uangalizi wake ana kifungu chake. Kulazimishana kwa kisingizio cha mila au dini kuna kifungu chake. Na kwa watu wa Pwani, wanaoijua Mtwapa, Malindi na Diani, kuna kifungu cha utalii wa ngono na watoto: anayepanga safari au kutangaza biashara hiyo anakabiliwa na kifungo kisichopungua miaka 10, na ikiwa ni kampuni, faini isiyopungua shilingi milioni 2.

Wakili wa mshtakiwa hawezi tena kumhoji mlalamikaji kuhusu wanaume aliowahi kuwa nao bila ruhusa ya mahakama, na ruhusa hiyo ina masharti. Aliyedhulumiwa ana haki ya kutibiwa katika hospitali ya umma kwa gharama ya serikali, hata kabla kesi haijafunguliwa.

Mtoto anatoaje ushahidi chini ya sheria hii?

Kifungu cha 31 kinamtambua shahidi aliye katika hali dhaifu, na mtoto yumo. Kabla ya hapo, mtoto wa miaka saba alisimama kizimbani akiwa anatazamana na mtu aliyemuumiza, watu wamejaa ukumbini, na akaulizwa maswali na wakili aliyevaa suti nyeusi kwa lugha ambayo hata mzazi wake haielewi.

Sasa mahakama inaweza kuamuru atoe ushahidi nyuma ya pazia au kizuizi asimwone mshtakiwa, au kesi isikilizwe faraghani bila watazamaji, au awepo msaidizi wa kumsemea. Msaidizi huyo anaweza kuwa mzazi, ndugu, mshauri nasaha au afisa wa watoto. Wakili anauliza swali, msaidizi analigeuza kuwa maneno ambayo mtoto anaelewa, na jibu linarudi kortini kupitia kwake. Mtoto akichoka, msaidizi huyo huieleza mahakama.

Tena, kwa mujibu wa kifungu cha 124 cha Sheria ya Ushahidi, mahakama inaweza kumtia mtu hatiani katika kesi hizi kwa neno la aliyedhulumiwa peke yake, mradi iandike sababu za kuamini kwamba anasema kweli. Makosa haya hufanywa gizani na mlango umefungwa, kwa hiyo kudai shahidi wa pili ni kuifunga kesi kabla haijaanza.

Likizo ya uzazi ya miezi mitatu na likizo ya baba zinamhusu vipi?

Mswada wa Ajira wa 2007 ulikuwa wa serikali, lakini marekebisho ya kifungu cha likizo ya uzazi aliyapendekeza yeye. Sheria ya zamani ilimpa mama miezi miwili, na akiichukua alipoteza likizo yake ya mwaka huo. Yaani alikuwa kama anayelipia kuzaa kwake kwa siku zake za kupumzika. Kifungu cha 29 cha Sheria ya Ajira ya 2007 kilileta miezi mitatu yenye mshahara kamili, likizo ya mwaka ikabaki palepale, na haki ya kurudi kwenye kazi yake au kazi inayolingana nayo.

Baba naye akapata wiki mbili zenye mshahara kamili. Wapo waliolibeza jambo hilo Bungeni na mitaani. Leo, katika kampuni na ofisi za serikali, baba hujaza fomu ya likizo hiyo bila kuona haya, wala hajui ni mwanamke gani aliyeitetea. Kama mwajiri wako anakuambia likizo ya baba ni hisani yake, mwoneshe kifungu cha 29.

Na kodi ya sodo?

Mwaka 2004 Kenya iliondoa VAT, kodi ya ongezeko la thamani, kwenye sodo, yaani taulo za hedhi, na ni miongoni mwa nchi za kwanza duniani kufanya hivyo. Njoki alikuwa mstari wa mbele kulipigania. Bei haikushuka vya kutosha kwa wasichana wa familia maskini, na ndiyo maana baadaye ikaja hoja ya serikali kuzigawa bure shuleni. Lakini mtu aliyelitaja jambo la hedhi katika ukumbi wa wanaume zaidi ya mia mbili mwaka 2004 alihitaji ujasiri ambao leo ni vigumu kuukadiria.

Baada ya Bunge alifanya nini?

Bunge la Tisa lilivunjwa mwishoni mwa 2007. Mwaka 2009 aliteuliwa katika Kamati ya Wataalamu iliyoongozwa na wakili Nzamba Kitonga, Wakenya sita na wageni watatu, waliopewa rasimu zote za katiba zilizogombaniwa kwa miaka ili watoe moja inayoweza kupita. Kura ya maoni ilifanyika tarehe 4 Agosti 2010, na Katiba ikatangazwa rasmi tarehe 27 mwezi huohuo.

Kazi ya kamati ni ya wote, na si haki kumpa mmoja sifa. Ila ukisoma vifungu vinavyohusu wanawake unaona mambo yaliyokuwa yakidaiwa na kizazi chake: mama Mkenya anampa mtoto uraia sawasawa na baba, kila kaunti kati ya 47 inamchagua mwakilishi wa wanawake, na jinsia moja isizidi thuluthi mbili katika vyombo vya kuchaguliwa na kuteuliwa.

Amekuwa jaji wa namna gani?

Aliapishwa mwaka 2011 katika Mahakama ya Juu ya kwanza chini ya Jaji Mkuu Willy Mutunga. Waliotarajia kwamba kila uamuzi wake ungesomeka kama tamko la wanaharakati walishangaa.

Desemba 2012 mahakama iliulizwa kama kanuni ya thuluthi mbili ilipaswa kutimizwa katika uchaguzi wa 2013. Wengi wa majaji, naye akiwemo, walisema itimizwe hatua kwa hatua, na wakaweka Agosti 2015 kuwa mwisho. Mutunga peke yake alipinga. Bunge likazembea, muda ukapita, na mwaka 2020 Jaji Mkuu David Maraga akamshauri Rais avunje Bunge kwa sababu hiyo. Naona hapo Mutunga alikuwa amesoma tabia ya wanasiasa vizuri kuliko wenzake. Njoki, aliyekuwa amekaa na wabunge hao, alikuwa na sababu zaidi ya kutowaamini.

Tarehe 1 Septemba 2017, mahakama ilipofuta uchaguzi wa urais kwa majaji wanne dhidi ya wawili, yeye na Jaji Jackton Ojwang' walikuwa upande wa wachache. Maoni yake marefu yanaonyesha namna anavyofanya kazi: alirudi kwenye fomu zenyewe za matokeo, akazichambua na kueleza alichokiona kwenye alama za usalama na saini, akatofautiana na ripoti iliyokuwa imetolewa kuhusu fomu hizo. Unaweza kuyakataa maoni hayo, na wengi waliyakataa kwa maneno makali, lakini ni kazi ya mtu aliyezifungua karatasi akazisoma.

Februari 2023 alikuwa kati ya majaji watatu dhidi ya wawili walioamua kwamba serikali haiwezi kukataa kusajili shirika la kutetea watu wa mapenzi ya jinsia moja, kwa msingi wa haki ya kila mtu kujiunga na wengine. Uamuzi huo ulipingwa vikali na viongozi wa dini na wanasiasa.

Kwa nini sheria yake ya 2006 inalaumiwa na baadhi ya mahakimu na majaji?

Kwa sababu mbili. Ya kwanza ni adhabu za chini. Mawakili wengi walidai kwamba zinamfunga hakimu mikono, na baada ya uamuzi wa Muruatetu wa 2017, ulioondoa ulazima wa hukumu ya kifo kwa mauaji, mahakama kadhaa zilianza kuzipunguza. Julai 2024 Mahakama ya Juu ilisema hapana, ikarudisha kifungo cha miaka 20 ambacho Mahakama ya Rufaa ilikuwa imekipunguza hadi 15.

Ya pili inauma zaidi. Kijana wa miaka 17 na mpenzi wake wa miaka 16 wakikubaliana, sheria kwa maneno yake inamwona mmoja wao, karibu kila mara mvulana, kuwa mnajisi. Magereza na shule za kurekebisha tabia zimepokea vijana wa namna hiyo. Sheria iliandikwa ikimtazama mtu mzima anayewinda watoto, na ni haki yake kuwa kali kwake. Kwa vijana wa rika moja inahitaji mlango wake, na Bunge limekuwa likilikwepa suala hilo kwa sababu hakuna mbunge anayetaka kuonekana anapunguza umri wa ridhaa. Inawezekana kabisa kulitatua bila kuugusa umri huo, kwa kuangalia tofauti ya miaka kati ya wawili hao.

Mtu aliyedhulumiwa leo Kenya anafanya nini ili sheria hii imsaidie?

Aende hospitali kwanza, haraka, kabla ya kuoga au kufua. Dawa za kuzuia maambukizi ya HIV zinatakiwa kuanza ndani ya saa 72, na za kuzuia mimba ndani ya saa 120. Nguo alizovaa ziwekwe kwenye mfuko wa karatasi wala si wa plastiki, maana plastiki huharibu ushahidi. Hospitali itajaza fomu ya PRC, ya huduma baada ya ubakaji, na polisi watatoa fomu ya P3, ya uchunguzi wa kitabibu, ambayo hujazwa na daktari na kurudishwa kituoni. Aombe nambari ya OB, yaani ya kitabu cha matukio cha kituo cha polisi, na aihifadhi.

Simu ya bure ni 1195 kwa ukatili wa kijinsia na 116 kwa watoto. Na familia isikubali kuketi na mtuhumiwa kwa wazee ili alipe mbuzi au pesa. Kesi hii ni ya Jamhuri, na hata mzazi hana mamlaka ya kuimaliza nyumbani.

Anaweza kurudi kwenye siasa?

Akiwa jaji, hapana. Jaji Kenya hustaafu akifika miaka 70, au akipenda, baada ya miaka 65.

Katika yale aliyoanzisha, lipi bado halijakamilika?

Lile la ndoa. Sheria ya Kuzuia Ukatili wa Nyumbani ya 2015 inautaja ukatili wa kingono ndani ya ndoa na kumwezesha mwanamke kuomba amri ya mahakama ya kumlinda. Lakini amri ya ulinzi si shtaka la ubakaji. Kifungu kidogo cha tano cha kifungu cha 43 cha Sheria ya Makosa ya Kingono, kilichoingizwa mwaka 2006 ili mswada upite, bado kimo kwenye vitabu, na mke anayekwenda kituoni kumshtaki mume wake kwa kumbaka bado anaoneshwa mistari hiyo.